Kazi ya Mikono na Riziki katika Mbulu na Hanang

Chama chetu kikuu kitimizapo miaka 10, hesabu za mazao na hisa zitasomwa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Hapa yafaa tutazame nyuma na kuuliza jambo moja: mtu asiye na mali katika nchi yetu amepataje kazi ya kumtunza?

Huko Kainam, ambako watu ni wengi na ardhi ni haba, Wairaqw walijifunza zamani kulima katika miteremko, kukinga maji yasichukue udongo, na kutia samadi shambani. Kazi nzito ilifanywa na majirani pamoja, naye mwenye shamba akawaandalia pombe. Aliyekwenda leo kwa mwenzake alitumaini kufikiwa kesho.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 ulikuja Mpango wa Maendeleo ya Mbulu wa serikali ya kikoloni. Vichaka vyenye ndorobo vilifyekwa ili watu wapate pa kuhamia, na wafugaji wakatakiwa kupunguza mifugo. Ardhi mpya ilikuwa na faida. Lakini ng'ombe ndiye akiba ya mfugaji, na si rahisi kuupenda mpango unaoanza kwa kuidai akiba yako.

Tangu miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Hanang: Basotu, Setchet, Mulbadaw na mengineyo, yote saba, yenye karibu ekari 100,000. Ngano ilipatikana, hilo halikanushiki. Hata hivyo kulima na kuvuna kulifanywa kwa mashine, hivyo nafasi za kazi zilikuwa chache kuliko ukubwa wa ardhi iliyotwaliwa. Wabarabaig walipoteza malisho yao bora. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Ndipo tulipojifunza ya kuwa mavuno mengi si sawa na riziki ya wengi.

Njia nyingine ilitokea pale Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, ulipoanza mwaka 2012 mpango wa kunusuru kaya maskini. Pamoja na ruzuku, kaya yenye mtu awezaye kazi ilipewa ajira ya muda katika miezi ya njaa: siku 15 kwa mwezi, kwa miezi 4. Ujira ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku, basi kwa siku zote 60 ni shilingi 138,000. Kazi zenyewe zilikuwa za manufaa ya kijiji, kama kuchimba mabwawa, kutengeneza barabara na kupanda miti. Wasio na nguvu za kufanya kazi hawakulazimishwa; wao walisaidiwa kwa ruzuku.

Mpango huo ulikuwa na heshima, kwa kuwa ulimlipa maskini kwa jasho lake, na kazi yake ikabaki machoni pa wote. Lakini siku 60 hupita. Siku ya 61 mtu huyo hurudi nyumbani akiwa na nguvu zile zile, na soko lile lile ambalo hana sauti ndani yake.

Hapo ndipo ushirika una wajibu ambao hakuna mwingine awezaye kuubeba kwa niaba yetu. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Hawakusema apewe jembe pasipo shamba. Basi kila chama cha msingi, katika mkutano wake mkuu ujao, na kijiulize: je, kiingilio na hisa zetu vinaweza kulipwa kidogo kidogo na yule aliyechimba bwawa la kijiji? Ikiwa hawezi kuingia, tumejenga ua badala ya mlango. Ikiwa aweza, miaka 10 ijayo atakuwa miongoni mwa watakaosoma hesabu, wala si miongoni mwa watakaohesabiwa.