Elimu ya Klasiki ya Kikatoliki Nyumbani

Elimu ya klasiki ya Kikatoliki nyumbani ni mtindo wa masomo ambamo wazazi Wakatoliki huwafundisha watoto wao wenyewe kwa kufuata sanaa huria saba zilizorithiwa kutoka Ugiriki, Roma na monasteri za Ulaya. Tatu za kwanza, ziitwazo trivio, ni sarufi, mantiki na balagha. Nne zinazofuata, kwadrivio, ni hesabu, jiometri, muziki na falaki. Juu ya hizo hukaa falsafa, na juu ya falsafa teolojia. Mtindo huu umestawi zaidi Marekani tangu miaka ya 1980, na huko ndiko ziliko shule za masafa na vitabu vingi vinavyotajwa hapa.

Mizizi

Mzazi Mkristo kumsomesha mwanawe ni jambo la zamani kuliko shule za parokia. Yapata mwaka 389 Mtakatifu Augustino, akiwa amerudi kwao Thagaste, katika Algeria ya leo, aliandika mazungumzo yaitwayo De Magistro. Wanaozungumza ni yeye na mwanawe Adeodato, kijana wa miaka 16 hivi, na baadaye Augustino alishuhudia kwamba hoja zilizowekwa kinywani mwa kijana zilikuwa zake kweli. Wanajiuliza kama mtu anaweza kumfundisha mtu mwingine. Wanaishia kuona kwamba maneno ya mwalimu huelekeza tu, na anayefundisha kwa ndani ni Kristo. Ni vigumu kupata andiko linaloeleza vizuri zaidi kwa nini mzazi asiye na cheti cha ualimu anaweza kuthubutu kazi hii.

Mwanzoni mwa karne ya 5 Mtakatifu Yeronimo alimwandikia Laeta, mama wa Kirumi, jinsi ya kumlea binti yake Paula. Mtoto achongewe herufi za mbao au za pembe za ndovu azichezee huku akijifunza, asome pamoja na wenzake ili wachocheane, asije akachukia masomo utotoni. Waraka huo husomwa sana na familia hizi, ingawa wengi husahau mwisho wake: Yeronimo anamwambia Laeta kwamba kama kazi itamshinda mjini Roma, ampeleke binti kwa nyanya yake Bethlehemu. Kati ya mwaka 841 na 843 mama mwingine, Dhuoda wa Uzès, kusini mwa Ufaransa, alimwandikia mwanawe William kitabu kizima cha mashauri kwa Kilatini, kwa kuwa kijana alikuwa amechukuliwa kwenda katika ikulu ya mfalme. Na katika Uingereza ya karne ya 16, Thomas More aliwafundisha binti zake Kilatini na Kigiriki nyumbani, wakati ambapo wasichana wachache mno walipewa elimu hiyo. Mkubwa wao, Margaret, alifasiri kazi ya Erasmus kuhusu Sala ya Bwana.

Kuzaliwa upya Marekani

Mtaguso wa Tatu wa Baltimore, mwaka 1884, uliagiza kila parokia iwe na shule, na kwa miaka themanini masista walibeba mzigo huo kwa mishahara midogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 shule za Kikatoliki za Marekani zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5. Mwaka 2010 walibaki takriban milioni 2.1. Masista walipungua, ada zikapanda, na wazazi wengi wakalalamika kwamba katekesi imekuwa nyepesi. Baadhi yao wakaamua kufundisha wenyewe, wakati ambapo katika majimbo kadhaa kufanya hivyo kulikuwa bado kunaweza kumfikisha mzazi mahakamani. Hadi kufikia mwaka 1993 majimbo yote 50 yalikuwa yamekubali elimu ya nyumbani.

Msukumo wa klasiki ulitoka kwanza kwa Mwanglikana. Dorothy Sayers, mwandishi wa riwaya za upelelezi na mfasiri wa Dante, alitoa mhadhara Oxford mwaka 1947 akieleza kwamba shule zinawapa watoto masomo mengi bila kuwafundisha namna ya kujifunza. Alipendekeza trivio ifuatane na umri: mtoto mdogo anayependa kurudia maneno apewe sarufi na mambo ya kuhifadhi, anayeanza kubishana apewe mantiki, na kijana anayetaka kujieleza apewe balagha. Waprotestanti walitangulia kuutumia mpango huo. Shule ya Logos ilifunguliwa Moscow, Idaho, mwaka 1981, na mwaka 1999 kitabu The Well-Trained Mind cha Susan Wise Bauer na mama yake Jessie Wise kikaufikisha katika nyumba nyingi.

Wakatoliki walikuwa na chemchemi nyingine, nayo ni ya kina zaidi. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1979 John Senior, Dennis Quinn na Frank Nelick waliendesha programu ya masomo ya insia (humanities) katika Chuo Kikuu cha Kansas. Wanafunzi walihifadhi mashairi kwa kusikia, walijifunza Kilatini kwa kuzungumza, walitoka usiku kutazama nyota na walicheza dansi ya waltz. Senior aliamini kwamba vitabu vikuu vya falsafa haviwezi kuota mizizi katika akili ambayo haijawahi kulishwa hadithi, nyimbo na mambo ya asili. Baadhi ya wanafunzi wake walikwenda kuwa wamonaki Fontgombault, Ufaransa, na kutokana nao ikazaliwa monasteri ya Clear Creek, Oklahoma, mwaka 1999. Wawili wengine, James Conley na Paul Coakley, wakawa maaskofu.

Wakati huohuo Chuo cha Thomas Aquinas, kilichoanza California mwaka 1971, kiliachana kabisa na vitabu vya kiada. Wanafunzi wake huwasoma Euclid, Aristotle, Newton na Thoma wa Akwino wenyewe, kisha huwajadili wakiwa wamezunguka meza. Mhitimu wa chuo hicho, Laura Berquist, mama wa watoto sita, aliandika mwongozo wa kupanga mtaala wa klasiki nyumbani, na mwaka 1995 akaanzisha shule ya masafa ya Mother of Divine Grace huko Ojai, California. Kolbe Academy ya Napa, iliyoanza mwaka 1980, iliegemea mapokeo ya Wajesuiti na mpango wao wa masomo wa mwaka 1599.

Masomo yalivyo

Siku huanza kwa sala na habari za mtakatifu wa siku. Hesabu na Kilatini hufanywa asubuhi, akili ikiwa bado safi. Afrika Mashariki Kilatini kimejulikana zaidi kama lugha ya seminari na ya wavulana wanaotarajia upadri. Katika familia hizi msichana wa miaka kumi hukianza kwa Pater Noster na Ave Maria, na baadaye huingia katika vitabu vya Mjesuiti Robert Henle, ambavyo vilianza kutoka mwaka 1945. Henle hutoa msamiati mdogo na mazoezi mengi, hadi mwanafunzi aweze kumsoma Kaisari.

Historia na fasihi husomwa kwa sauti, watoto wa umri tofauti wakisikiliza pamoja. Baada ya kusikia mara moja tu, mtoto husimulia alichosikia kwa maneno yake, njia iliyochukuliwa kutoka kwa mwalimu wa Kiingereza Charlotte Mason. Kunakili, imla na kuhifadhi mashairi huchukua nafasi ya kujaza mapengo katika daftari. Katekisimu ya Baltimore ya mwaka 1885, yenye maswali na majibu, huhifadhiwa neno kwa neno. Kalenda ya masomo hufuata Majilio, Kwaresima na sikukuu. Ninaona kusoma kwa sauti na kusimulia ndiyo nguzo ya mtindo huu. Familia iliyoshindwa Kilatini lakini ikadumu katika hayo mawili imepata sehemu kubwa ya faida yake.

Kanisa na sheria

Tamko la Gravissimum Educationis la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1965, linawataja wazazi kuwa walezi wa kwanza na wa msingi wa watoto wao. Papa Yohane Paulo II alilirudia fundisho hilo katika Familiaris Consortio mwaka 1981, na Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinawapa wazazi wajibu na haki hiyo katika kanuni ya 793. Bado mivutano hutokea parokiani kuhusu maandalizi ya Komunyo ya Kwanza. Kanuni ya 914 inaanza na wazazi na kumweka paroko pamoja nao, hivyo upande wowote unaomsukuma mwingine nje umekosea. Nchini Marekani hukumu ya mwaka 1925, masista walipoipinga sheria ya Oregon iliyotaka watoto wote waende shule za serikali, ndiyo msingi unaotajwa zaidi kutetea haki ya wazazi.

Lawama

Hatua tatu za Sayers si mpango wa Enzi za Kati. Wakati huo sarufi ilimaanisha kuwasoma washairi na Maandiko, na haikuwa suala la umri wa mtoto. Stratford Caldecott, Mkatoliki wa Oxford, aliandika katika vitabu vyake vya mwaka 2009 na 2012 kwamba trivio si zana tupu bali ni njia ya kuelekea ukweli na uzuri, na kwamba kwadrivio imesahauliwa. Alikuwa sahihi. Nyumba nyingi hujisifia Kilatini huku muziki na falaki zikikosa hata saa moja kwa juma.

Mzigo huwaangukia akina mama zaidi, na familia hubaki na kipato kimoja. Orodha za vitabu nazo zimejaa Ulaya. Huo ni upungufu usio na udhuru, kwa sababu Sipriani, Athanasi na Augustino walikuwa watu wa Afrika, na Perpetua wa Karthago, aliyeuawa mwaka 203, ameacha maandishi ya gerezani yaliyo miongoni mwa ya kwanza kabisa ya mwanamke Mkristo. Mtaala wa klasiki usiomfundisha Perpetua urekebishwe.

Mzazi anayevutiwa na njia hii aulize kwanza sheria ya nchi anamoishi. Ujerumani haiiruhusu, na mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa shauri la wazazi waliopinga katazo hilo. Pale sheria inapoifunga njia hii, au kazi isipotoa nafasi, watoto waende shule, na jioni mzazi awasomee kitabu kizuri kwa sauti, kisha awaache wasimulie.