Nasaba za Waswahili wa Kale

Nasaba za Waswahili wa kale ni asili ya wakaazi wa miji ya mwambao wa Afrika ya Mashariki kama ibainishwavyo na DNA iliyohifadhika katika mifupa na meno yao. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023, uliohusu watu 80 waliozikwa baina ya miaka 1250 na 1800 hivi, wakiwemo wa Mtwapa, Manda na Songo Mnara, ulidhihirisha kuwa DNA ya mitokondria, ambayo mtu huirithi kwa mamaye peke yake, karibu yote ilikuwa ya Kiafrika, ilhali kromosomu Y, irithiwayo na mwana wa kiume kwa babaye, kwa wengi ilitoka Asia. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000, na upande wake wa Kiasia ulikuwa wa Kiajemi kwa sehemu kubwa na wa Kihindi kwa sehemu ndogo. Hilo ni jambo lenye uzito, kwani Tarehe ya Kilwa, yaani kumbukumbu ya kale ya historia ya mji huo, inayosimulia kuja kwa Washirazi kutoka Uajemi, wataalamu kadhaa walikwisha kuihesabu kuwa hekaya. Lugha, hata hivyo, ilibaki ya Kibantu, kama walivyokuwa wakinena akina mama wa miji hiyo. Baada ya mwaka 1500 damu ya Arabuni ilizidi kuingia.