Tang haikuuawa na visu, iliuawa na chumvi

Wapenzi wa sinema za Kichina wana desturi moja. Wakitoka kuangalia, husimulia mapigano: nani aliruka juu ya mianzi, nani alirusha kisu kikapinda njiani kama mbayuwayu. Mimi wiki hii nataka tuzungumzie kitu ambacho sinema hizo hukitaja mara moja tu, mwanzoni, kisha zikakiacha. Nacho ni mwaka.

Chukua House of Flying Daggers ya mwongozaji Zhang Yimou, iliyotoka mwaka 2004. Tunaambiwa ni mwaka 859, nasaba ya Tang inadhoofika na serikali imeoza. Askari wawili, Leo na Jin, wanapewa siku 10 kumkamata kiongozi mpya wa chama cha siri cha waasi. Jin anajifanya mwokozi wa Mei, mcheza ngoma kipofu, ili amfuate hadi mafichoni. Njiani wanapendana kweli. Kumbe Mei haoni kwa hiari yake, na Leo mwenyewe ni mtu wa waasi, aliyepandikizwa serikalini kwa miaka mitatu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Chama hicho ni cha kubuni. Mwaka 859 si wa kubuni hata kidogo. Ndio mwaka aliofariki mfalme Xuanzong, baada ya kumeza dawa alizoaminishwa kwamba zingemrefushia maisha. Matowashi wa ikulu wakamweka Yizong. Majira hayohayo, huko Zhejiang, mtu aitwaye Qiu Fu aliongoza uasi ambao jeshi liliuzima mwaka 860.

Hebu tujiulize, ugonjwa ulianzia wapi? Mwaka 755 jenerali An Lushan aliasi, na vita vikaendelea hadi 763. Baada ya hapo baadhi ya magavana wa kijeshi waligeuza majimbo kuwa mali yao, kodi wakazila wenyewe. Serikali ilikuwa imekwisha kutafuta pato jingine: mwaka 758 ilihodhi biashara ya chumvi. Kufikia miaka ya 780 hivi, zaidi ya nusu ya mapato ya serikali kuu yalitoka kwenye chumvi.

Tafakari hapo, msikilizaji. Nyama unaweza kuikosa, hariri unaweza usiivae maisha yako yote, lakini chumvi utanunua tu. Kodi ya chumvi humlipisha fukara karibu sawa na tajiri. Bei ilipopanda, magendo yakashamiri, na wafanya magendo wakajifunza kutumia silaha na kwenda kwa makundi.

Mmoja wao alikuwa Huang Chao, mtu aliyesoma lakini akaanguka mitihani ya kuingilia utumishi wa serikali. Mwaka 875 alijiunga na uasi. Mwaka 879 aliteka bandari ya Guangzhou na kuwachinja wafanyabiashara wa kigeni. Abu Zayd wa Siraf, bandari ya Ghuba ya Uajemi, aliandika kuwa waliokufa walikuwa 120,000: Waislamu, Wakristo, Wayahudi na Wamajusi. Wanahistoria wanaitilia shaka idadi hiyo, mauaji hawayakatai. Aliandika pia kwamba miforsadi, ambayo majani yake hulisha viwavi wa hariri, ilikatwa. Hasara hiyo haikuwa ya Wachina peke yao. Ilikuwa ya bahari nzima ya Hindi, ambayo mawimbi yake yalifikisha vyombo vya Kichina vya zama za Tang hadi kwetu, Manda na Unguja Ukuu, ambako vigae vyake vimefukuliwa.

Huang Chao aliingia mji mkuu Chang'an mwanzoni mwa 881. Alikufa 884, lakini Tang haikupona tena. Ilikoma mwaka 907.

Katika sinema, wanaume wawili wanaompenda Mei wanapigana kwenye theluji huku askari wakinyemelea msituni, na hatuonyeshwi nani alishinda. Simlaumu Zhang Yimou. Yeye alitaka kusimulia mapenzi, na ameyasimulia vizuri. Ila safari nyingine ukiiangalia, watazame wale askari wenye mikuki kati ya mianzi, ujiulize mshahara wao ulitoka wapi. Ulitoka kwa mama wa kijijini aliyekwenda kununua chumvi ya mboga, akakuta bei imepanda tena.