Dos ya Warumi si mahari

Mfasiri wa historia ya Roma akikutana na neno la Kilatini *dos*, la kwanza kumjia ni "mahari". Hapo msomaji anapotoshwa. Mahari hutoka kwa mume: kwa Waislamu wa pwani ni haki ya bibi harusi mwenyewe, na kwa jamii nyingi za bara ni ng'ombe wanaopelekwa kwa wazazi wake. *Dos* ilitoka upande wa mke, mara nyingi kwa baba yake, ikakabidhiwa mume ili imsaidie kubeba gharama za nyumba.

Uzito wake ulionekana siku ya talaka. Mwishoni mwa Jamhuri ya Roma, talaka haikuhitaji hakimu wala kuhani. Mume aliweza kumwacha mke, na mke kumwacha mume, hata kwa kutuma mjumbe tu. Kazi ilikuwa kurudisha mali. Ardhi ilirudi mara moja, fedha zikalipwa kwa mafungu matatu, moja kila mwaka. Kosa likiwa la mke au la baba yake, mume alizuia sehemu moja ya sita kwa kila mtoto, mradi isizidi nusu. Tuseme *dos* ni sesterti 60,000 na watoto ni wawili: mume anabaki na 20,000, zinazosalia zinarudi. Mwanasiasa Cicero alimwacha mkewe Terentia mwaka 46 KK na deni la *dos* likamkaba; muda si mrefu akaachana na mke wake wa pili, Publilia, pia, likaja deni la pili. Kuanzia enzi za Augusto, mume hakuruhusiwa kuuza shamba la *dos* lililoko Italia bila ridhaa ya mke.

Basi tuiiteje? "Amana" inakaribia, kwa kuwa hurudishwa. Lakini mwenye kuwekewa amana haitumii, na mume wa Kirumi alikula mavuno ya shamba hilo kihalali. Mwanasheria Tryphoninus alieleza kwamba *dos*, ingawa imo katika mali ya mume, ni ya mke. Hata kesi ya kuidai Warumi waliiita *actio rei uxoriae*, yaani dai la mali ya mke.

Nawasihi waandishi wetu wa historia na sheria waandike "mali ya mke", na neno *dos* kwenye mabano pale linapotajwa mara ya kwanza. Mali nyingine za mwanamke, ambazo mume hakukabidhiwa, ziitwe mali yake binafsi.