Nani Mwenye Simbi? Ubishi wa Hadithi, Kitabu na Skrini Nyanza Kusini

Mashabiki wa tamthilia za televisheni zenye majoka, wachawi na falme za kubuni hubishana duniani kote kuhusu swali moja, yaani iwapo mtayarishaji ameifuata hadithi kama ilivyoandikwa kitabuni au ameigeuza apendavyo. Mfano unaotajwa sana ni Game of Thrones, iliyorushwa kuanzia 2011 hadi 2019 katika vipindi 73. George R. R. Martin alikuwa amechapisha juzuu tano tu, na kufikia msimu wa sita, mwaka 2016, tamthilia ilikuwa imevipita vitabu, hivi kwamba waliozoea kushika kitabu kama kipimo walijikuta hawana tena ukurasa wa kurejelea. Katika kaunti za Homa Bay na Migori, eneo lililojulikana kwa muda mrefu kama Nyanza Kusini, ubishi wa namna hiyo ni wa zamani kuliko televisheni yenyewe, na mwanzoni haukupimwa kwa kitabu bali kwa mahali na kwa ukoo.

Karibu na mji wa Kendu Bay, katika eneo la Karachuonyo, liko Simbi Nyaima, ziwa dogo la kreta, yaani shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano, ambalo maji yake ni ya kijani na yana magadi, na ambako flamingo hutua kutafuta chakula. Wajiolojia hulieleza kwa moto wa chini ya ardhi, ilhali wenyeji hulieleza kwa kisa cha kijiji cha Simbi, ambacho watu wake walikuwa katika sherehe ya pombe ajuza mmoja alipofika akiwa amelowa mvua na kuomba hifadhi, wakamfukuza isipokuwa mwanamke mmoja aliyemkaribisha na kumpa nafasi ya kuota moto. Ajuza alimtaka mwenyeji wake aondoke naye usiku huohuo, na kijiji kikazama nyuma yao pamoja na walevi wake. Masimulizi hutofautiana kuhusu mume wa mwanamke huyo na kuhusu nani hasa aliyeokoka, lakini hakuna msimulizi anayeweza kulihamisha ziwa, na hapo ndipo uhuru wake unapofikia kikomo.

Kwa jadi ya Wajaluo, wenyeji wa eneo hili, hadithi za aina hii, ziitwazo sigana, zilisimuliwa katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee ambamo watoto walilala na kufunzwa, huku wavulana wakubwa wakisikia habari za vita na nasaba katika duol, kibanda cha mzee mwenye boma. Msimulizi aliruhusiwa kurefusha wimbo, kuigiza sauti ya zimwi au kumtania msikilizaji aliyesinzia, ila majina ya koo, mito na vilima hayakuguswa, kwa sababu waliokuwa wakisikiliza walikuwa wajukuu wa watu wanaotajwa. Kipimo hicho kilikuwa kikali kuliko cha kitabu, kwani msomaji anayekosea hukosea peke yake, na msimulizi aliyekosea nasaba aliwakosea wote waliokuwa wamemzunguka.

Maandishi yaliingia mapema katika ukanda huu. Misheni ya Waadventista wa Sabato ilianzishwa Gendia, jirani na Kendu Bay, mwaka 1906 chini ya Arthur Carscallen, na mtambo wa uchapaji ulifuata, hivyo karatasi yenye Dholuo, lugha ya Wajaluo, ikatoka umbali mfupi tu kutoka Simbi. Kutoka katika mazingira hayo alitokea Paul Mboya, mchungaji aliyekuja kuwa chifu wa Karachuonyo, ambaye mwaka 1938 alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha mila na desturi za Wajaluo ambacho bado hutolewa ushahidi mabishano yanapozuka kuhusu ndoa, mazishi au asili ya koo. Yeyote aliyewahi kuona mabishano ya mazishi katika eneo hili anajua uzito wa kitabu hicho: kile ambacho awali kilikuwa sauti ya wazee mbalimbali kikawa ukurasa mmoja unaoweza kufunguliwa mbele ya kikao. Biblia nayo iliongeza kipimo kingine, kwa kuwa mtu aliyesoma habari za Lutu na Sodoma haisikii tena Simbi kwa sikio lilelile, na ni haki kujiuliza ni kiasi gani cha masimulizi ya leo kimepakwa rangi na Mwanzo sura ya 19.

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Afrika, ikiwemo fasihi simulizi, iwe kiini cha masomo, na mkutano wa walimu wa fasihi uliofanyika Nairobi mwaka 1974 ulisukuma wazo hilo kuelekea shule za sekondari. Hapo mitazamo miwili iligongana waziwazi. Taban, katika Eating Chiefs ya mwaka 1970, alizichukua hadithi za watu wa jamii za Kilwo, kundi pana ambamo Wajaluo wamo, kama malighafi ya msanii na kuzifinyanga upya bila kuomba radhi, ilhali Keep My Words ya B. Onyango-Ogutu na A. A. Roscoe, iliyotoka mwaka 1974, ilijitahidi kuhifadhi masimulizi ya Wajaluo na kuyafafanua kwa msomaji. Ubishi wa mashabiki wa leo haujaongeza hoja nyingi juu ya zile zilizotenganisha vitabu hivi viwili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Grace Ogot na Asenath Bole Odaga, wote wenyeji wa ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Winam, upande ambao leo ni Kaunti ya Siaya, waliandika kila mmoja kwa namna yake kisa cha Simbi Nyaima. Waandishi hao waliifanyia Dholuo kazi kubwa isiyothaminiwa vya kutosha, Odaga akiendesha shirika lake la uchapishaji mjini Kisumu, na Ogot akitunga Miaha, riwaya inayotokana na kisa cha kale kuhusu jembe na asili ya jasho la kazi, ambayo Okoth Okombo aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1989. Hata hivyo vitabu vyao vilizaa hali ambayo siwindhe haikuijua: mtoto aliyesoma kisa shuleni aliweza sasa kumwambia bibi yake wa Karachuonyo kwamba anakosea, ingawa bibi ndiye aliyekulia kando ya ziwa lenyewe.

Jukwaa lilizidisha ubishi. Okoiti Omtatah, Mteso kutoka Busia ambaye baadaye alichaguliwa kuwa seneta, alitoa tamthilia ya Lwanda Magere mwaka 1991, akimwandika shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na nguvu zake zilikuwa katika kivuli, siri iliyofichuliwa na mke aliyetoka kwa maadui. Kwamba shujaa wa Wajaluo alipewa jukwaa na mwandishi wa jamii nyingine ni ushahidi kuwa hadithi ikishachapishwa huvuka mipaka ya wenyewe, na huo ni ushindi kwa hadithi hata pale inapowaudhi wenyewe.

Lakini uwanja ambao umewafundisha wakazi wengi wa Homa Bay na Migori kupima igizo kwa kitabu ni ule wa vitabu teule, yaani riwaya na tamthilia zinazotahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne. Vikundi vya waigizaji huzunguka shuleni vikiigiza kazi hizo, ambazo miaka iliyopita zilikuwa pamoja na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, Kigogo ya Pauline Kea na The River and the Source ya Margaret Ogola, mara nyingi katika ukumbi wa kulia chakula, meza zikiwa zimesukumwa ukutani na wanafunzi wakiwa wamefungua nakala zao mapajani wakifuatilia mstari kwa mstari. Mwigizaji akiruka tukio, minong'ono hupita safu kwa safu, na mwalimu husimama baadaye kuonya kwamba swali la dondoo, lile linalomtaka mtahiniwa aeleze muktadha wa maneno yaliyonukuliwa, litatoka kitabuni wala si jukwaani. Katika vibanda vya video mambo huwa kinyume kabisa, kwani DJ Afro alijipatia umaarufu kwa kuweka Kiswahili cha mtaani juu ya filamu za kigeni, akiwapa wahusika maneno ambayo hawakuyasema, na watazamaji hufurahia uhuru huohuo ambao wangeulaani shuleni. Tofauti hiyo haina unafiki ndani yake, maana hadhira inajua ni kazi ipi imeahidi kufuata na ipi imeahidi kuchangamsha.

Kwa hiyo kampuni itakayotengeneza mfululizo wa Nyamgondho wuod Ombare haitakwenda mahali pasipo na mashabiki. Nyamgondho ndiye mvuvi maskini wa Gwassi aliyenasa ajuza wavuni, akatajirika kwa mifugo iliyokuja naye, kisha akalewa na kumtukana kwamba alimwokota ziwani, na ajuza akarudi majini huku mifugo yote ikimfuata. Huko Nyandiwa wageni huonyeshwa alama katika mwamba wa ufuoni zinazoitwa nyayo za mifugo hiyo. Gor Mahia wa Kanyamwa, mganga na kiongozi aliyesifika kwa kujigeuza maumbo na ambaye klabu ya kandanda iliyoundwa mwaka 1968 inabeba jina lake, atakuwa mgumu zaidi kumwigiza, kwa sababu aliishi kweli hadi mwanzoni mwa karne ya ishirini na ana kizazi kinachoweza kudai haki. Wahusika wanaofaa zaidi uhuru wa skrini huenda ni wale wa Thimlich Ohinga, maboma ya Migori yenye kuta za mawe yasiyounganishwa kwa udongo wala saruji, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Inaaminika kwamba yalijengwa tangu karne ya 16, koo mbalimbali zimeishi ndani yake kwa zamu, na hakuna maandishi yaliyobaki ya kusema nani aliinua jiwe la kwanza. Mwandishi wa mfululizo atalazimika kubuni majina ya wajenzi hao, na kila ukoo uliowahi kulala nyuma ya kuta hizo utakuwa na sababu ya kumsahihisha.