Muvi za Kenya za Kuwatch Ukiwa Keja: Zenye Zimeweza na Zenye Zilinichosha Kidogo

Uliza wasee wa mtaa ni muvi gani ya Kenya wamewahi kuwatch. Wengi watakuambia Nairobi Half Life, halafu kimya. Sasa uliza za Jackie Chan zenye DJ Afro ametafsiri, hapo mtakesha. Sina noma na hiyo, hata mimi nimelelewa na sauti ya DJ Afro. Lakini kuna muvi za hapa kwetu zimetembea Berlin, Toronto na Sundance, zingine zikarudi na matuzo, na mtu wa Umoja ama Kayole bado hajawahi kuziona.

Hii miezi nimekuwa nikiziwatch kwa lapi, moja baada ya nyingine, zingine mara ya pili. Maoni yangu ndiyo haya. Nimeweka mwaka na jina la mwelekezi ndio ukienda kwa jamaa wa muvi asikuwekee ingine kwa flashi. Mwisho wa stori sitamwaga, isipokuwa mahali huwezi ongea bila kuugusa.

Nairobi Half Life (2012)

Tuanze na yenye unajua. Mwelekezi ni David "Tosh" Gitonga, na ndiyo muvi ya kwanza Kenya ilipeleka kuwania Oscars upande wa lugha za kigeni. Mwas, anayechezwa na Joseph Wairimu, anauza muvi kijijini kwa kuziigiza mwenyewe mbele ya wateja. Anataka kuwa mwigizaji, anakuja Nairobi, na siku ya kwanza tu taoni anaporwa kila kitu. Kabla jua lizame ako seli, na huko anapewa kazi ya kuosha choo chenye hata kuandika hapa siwezi. Ndani ya hiyo seli anapatana na Oti.

Watu hukumbuka bunduki na kusahau vile nusu ya kwanza inachekesha. Wairimu ako na uso wa mtu amefika jiji juzi, ule wa kuangalia juu ya magorofa akitembea, na hiyo ndiyo inabeba muvi. Alibeba pia tuzo ya mwigizaji bora Durban mwaka huohuo. Oti naye, Olwenya Maina, aliaga dunia 2022, na ukiiwatch leo ukijua hivyo, kila akitabasamu unahisi kitu.

Kuna wazazi walisema hii muvi inafunza vijana wizi. Mimi naona wao waliwatch trela wakaishia hapo. Hakuna msee kwa hiyo mbogi anakula raha hata wiki moja. Wanang'oa vioo vya magari, wanauza kwa bei ya kutupa, karao wanakula sehemu yao, na siku karao wakiamua hawawataki tena, hakuna korti hapo katikati. Hiyo ya mwisho si maigizo. Mtu yeyote amezikwa rafiki mtaani anajua. Lawama yangu ni moja: Amina ameandikwa kwa haraka. Anakuwa tu msichana mwenye anangoja wanaume wamalize mambo yao, na ilhali stori yake pekee ingetosha muvi ingine.

Supa Modo (2018)

Hapa nitakaa kidogo, juu kati ya zote hii ndiyo ilinimaliza. Likarion Wainaina ndiye mwelekezi, na Jo anachezwa na Stycie Waweru. Jo ako na miaka tisa, anapenda muvi za mashujaa wa kuruka na za ngumi, na ni mgonjwa wa ule ugonjwa daktari hukuambia umpeleke mtoto nyumbani. Mathe yake anamtoa hospitali wakarudi kijijini. Sista yake mkubwa, Mwix, anaanza kumdanganya kwamba ako na nguvu za ajabu, na pole pole kijiji kizima kinaingia kwa huo mchezo, pamoja na Mike, yule jamaa wa kuonyesha muvi.

Ukisikia hivyo utadhani ni muvi ya watoto. Si ya watoto. Vita yenyewe iko kati ya mathe na Mwix. Mathe anataka Jo akae kitandani, apumzike, asipigwe na baridi, ndio kama kuna siku moja imebaki ya ziada waipate. Mwix anaona hizo siku zina maana gani kama msichana anazimalizia akiangalia ukuta. Wote wawili wako sawa, na hapo ndipo inauma. Hakuna mbaya wa kuchukia. Na muvi imeweka kitu kidogo hapo bila kukipigia kelele: mathe ni mkunga. Kazi yake ni kupokea watoto wa wenyewe usiku na mchana, na huyu wake hawezi kumshika asiende.

Maryanne Nungo, mwenye anacheza mathe, halii ovyo. Kuna mahali anakasirika tu, anafoka kwa kila mtu, na ukiwa umewahi kuishi na mzazi mwenye anauguza utajua hiyo hasira. Mathe ya Kenya akiogopa, hakuambii anaogopa. Anakuuliza kwa nini vyombo havijaoshwa.

Jo naye si mjinga. Watu wazima hudhani wakinong'ona mtoto hasikii. Anajua tangu mwanzo, na vile anaamua kutumia huo uongo wa kijiji ndiyo raha yote ya nusu ya pili, kwa hivyo siendelei. Nakuomba tu kitu kimoja: kama kwenu mmewahi kuzika mtoto, usiiweke sebuleni Jumapili jioni bila kuongea na mathe kwanza. Mwambie inahusu nini. Aamue mwenyewe. Ni dakika 74 tu, lakini si dakika za kushtukiziwa.

Zenye si za kuigiza

Wasee wengi wakisikia dokumentari wanafikiria simba na mzungu akiongea polepole. Sasa jaribu Softie ya Sam Soko, iliyotoka 2020 na kushinda tuzo ya uhariri Sundance. Inamfuata Boniface Mwangi, mpiga picha wa zile fujo za baada ya uchaguzi wa 2007, akigeuka kuwa mwanaharakati. Yule aliyekuwa kwa kikundi kilichopeleka nguruwe mbele ya Bunge 2013, ndiye huyo. Mwaka wa 2017 anawania ubunge Starehe. Anakataa kuhonga wapiga kura, na wapiga kura wanamwangalia kama mtu amekuja harusi bila zawadi. Kiti kilichukuliwa na Jaguar, yule wa muziki. Kama ulikuwa Nairobi mwaka huo unakumbuka.

Lakini muvi ni ya Njeri, bibi yake. Boniface anaamini nchi inatangulia familia. Njeri ndiye anabaki na watoto vitisho vikianza kuja, na ndiye anapanda ndege nao kwenda Marekani. Anampenda, anamuunga mkono, na bado anamuuliza maswali yenye hakuna maandamano yanaweza kujibu. Tangu Juni 25, 2024, siku vijana waliingia Bunge juu ya Mswada wa Fedha, mimi siwezi kuiangalia kama stori ya mtu mmoja. Kila mbogi ilikuwa na mtu alitoka asubuhi akiwa na bendera na chupa ya maji, na mahali kuna mathe alikuwa anapiga simu haishikwi. Iwatch na mtu mnaishi naye, halafu muongee. Mtabishana, nakuhakikishia.

The Letter ni ya 2019, waelekezi ni Maia Lekow na Christopher King, wawili waliooana. Kijana anaitwa Karisa, anaishi Mombasa, anasikia kwamba nyanyake huko nyumbani Kilifi ameitwa mchawi. Anarudi kuangalia ni nani amesema na kwa nini. Unangoja mambo ya majini, na kumbe ni mambo ya shamba. Wazee wa Pwani wamekatwa na kuuawa kwa miaka mingi kwa hilo neno moja, na mara nyingi mzee akitoka njiani kuna mtu anabaki na ekari. Kilichonishika ni vile kamera haimfokei mtu. Wale wanaomlaumu nyanya wanakaa chini, wanakunywa chai, wanaongea vizuri kabisa, wengine na Biblia mkononi. Inatisha kuliko muvi yoyote ya mapepo. Ni ya polepole, nakubali, na ukiwa umezoea vitu vya kukatakata haraka utashika simu dakika ya kumi. Iweke simu kwa chaji chumba kingine.

Zenye zinatosha mara moja

Kati Kati ya Mbithi Masya, yule wa Just A Band, ilitoka 2016 na ikapata tuzo ya wahakiki Toronto. Dem anaitwa Kaleche anajipata katikati ya pori na gauni ya hospitali, hakumbuki kitu, anafika kwa loji ya watu wachangamfu, na msee anaitwa Thoma anamweleza kwamba amekufa. Wazo ni kali sana, na picha ni safi, zile za kusimamisha na kuweka kwa simu kama pazia. Nyokabi Gethaiga na Elsaphan Njora wanaibeba vizuri. Noma yangu ni Kiingereza. Mtu akikufa Kenya, hata akifika mbinguni, akikasirika ataongea lugha ya kwao. Hawa wanakasirika kama wako kwa interview.

Something Necessary ya Judy Kibinge, 2013, inarudi kwa machungu ya 2007-08 kupitia nesi anayejenga upya nyumba yake na kijana aliyekuwa na wale waliomvamia. Ni nzito na ni ya ukweli. Sitairudia hivi karibuni. Veve, 2014, ya Simon Mukali, inaingia kwa biashara ya jaba huko Maua: mwanasiasa, bibi amechoka, na kijana wa kulipiza kisasi. Nilipenda sana sehemu za wakulima na wafunga jaba, mahali unaona ganji inapita mikono mingapi kabla kitu ifike base yako. Mapenzi yakianza ikawa kama nimebadilisha chaneli.

Disconnect ya 2018, yenye Tosh Gitonga alishirikiana kuelekeza, ni ya kucheka tu: mabeshte wa Nairobi, madem na maboyz wakisumbuana. Brenda Wairimu, Catherine Kamau, Nick Mutuma, Pascal Tokodi, wote wako. Inapita vizuri na chapo. Lakini hizo keja wanakaa, na hizo magari, na bado sijaona mtu akienda job kwa hiyo muvi. Landlord wao ni nani, anihurumie pia.

Ukiwa na bundles za mwisho

Soul Boy ni ya 2010, mwelekezi Hawa Essuman, na inamalizika kama saa moja hivi, kwa hivyo hata stima ya mtaa inaweza kuvumilia. Abila ni kijana wa miaka 14 hapo Kibera. Anaamka anapata buda yake amelala tu, macho wazi, anasema roho yake imechukuliwa. Aliicheza kamari. Abila anamtafuta huyo Nyawawa aliyeichukua, anapewa majaribu saba ya kufanya kabla kukuche, na beshte yake Shiku anamsindikiza.

Ilishutiwa Kibera yenyewe, na watoto ni wa kutoka huko, wanakimbia kwa zile njia kama watu wanaozijua gizani. Hakuna mtu anahurumiwa kwa kamera, mitaro iko lakini hakuna mtu anasimama kuionyesha. Baba amepoteza roho kwa kamari, na mtoto ndiye anazunguka usiku mzima akilipa deni. Ilitengenezwa kabla simu zetu zijae mikeka ya mpira. Kama kuna buda ama bro kwenu yuko hapo kwa mkeka kila wikendi, usimwambie inahusu nini. Mwambie ni muvi fupi ya Kibera, umpatie kiti.