Kuvuma, Kugonga, Kualika

Hilux za kuvuta kwa magurudumu yote manne zinazoundwa na Toyota huko Prospecton, kusini mwa Durban, huzeeka kama magari mengine, na zikizeeka hulia. Mwenye gari humwambia fundi "ina kelele", neno ambalo halimfikishi popote, ilhali Kiswahili kina vitenzi vya kutosha. Kuvuma kunakobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta huelekeza kwenye difu. Kukibadilika gari linapokata kona, tazama beringi ya gurudumu. Kugonga mara moja ukiingiza gia mara nyingi ni kros ya propela iliyolegea, ingawa meno ya difu yaliyolika nayo hugonga vivyo hivyo. Kualika mfululizo usukani ukikatwa hadi mwisho ni jointi ya ekseli ya mbele.

Wapo watakaosema fundi hodari ana masikio yake. Anayo, lakini mvumo wa kilomita 80 kwa saa hausikiki gari likiwa limesimama gereji, na sauti ya mbele huenda isitoke mpaka mvuto wa magurudumu ya mbele uingizwe. Mteja akisema "inasaga" pale inapovuma, fundi anaweza kuteremsha giaboksi nzima kumbe ugonjwa uko kwenye beringi.